Nguzo za hekalu ndani ya msikiti: jibu kwa msomaji aliyetoka Ahmedabad

Msomaji wetu wa Tanga ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Mwezi wa pili nilikuwa Ahmedabad, India, kumuuguza baba aliyefanyiwa upasuaji wa moyo. Alipopata nafuu nikatembea mjini. Niliswali Msikiti wa Ijumaa, nikashangaa kuona msitu wa nguzo zilizochongwa, ambazo sikuwahi kuziona msikitini. Mzee mmoja nje akaniambia hili lilikuwa hekalu. Kijana mwingine akakataa katakata. Kesho yake mwenyeji wetu akanipeleka kwenye hekalu la Wajaini la Hutheesing, nikakuta nguzo zinazofanana na zile zile! Sasa nani kajenga nini? Kila dini huko ina ujenzi wake, au wote wanajenga sawa? Na mgeni kama mimi atatambuaje?"

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Mungu amkamilishie baba afya.

Nianze na lile linalokukera. Msikiti ule ulijengwa uwe msikiti tangu jiwe la kwanza la msingi wake. Juu ya mihrabu ya katikati pana maandishi yanayosema ulifunguliwa mwanzoni mwa Januari 1424 na Sultani Ahmad Shah wa Kwanza, yule aliyeuanzisha mji mwaka 1411 na kuuachia jina lake. Hekalu la Hutheesing nalo ni la 1848. Kwa hiyo kati ya majengo mawili uliyoyaona, msikiti ndio mkongwe, kwa zaidi ya miaka 400.

Lakini yule mzee usimwone mwongo. Macho yake yaliona kitu cha kweli, sawa na yako. Nguzo zile ni za hekalu kwa mkono uliozichonga. Waashi wa mawe wa Gujarat walikuwa wakichonga nguzo za namna hiyo kwa karne nyingi kabla ya sultani yeyote kufika, na alipofika hakuleta waashi wengine. Aliwaita hao hao. Na tukiwa hapo, ujue kwamba India ya leo swali la "hapa palikuwa hekalu?" si la wanahistoria peke yao. Mwaka 1992 Msikiti wa Babri kule Ayodhya ulibomolewa na umati ulioamini umesimama mahali alipozaliwa mungu wa Kihindu Rama. Watu wengi walikufa katika ghasia zilizofuata, na Januari 2024 likafunguliwa hekalu jipya hapo hapo. Ndiyo maana nitakwenda taratibu, nikitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Dini humwambia mwashi watu watakuja kufanya nini ndani ya jengo: watasimama, watazunguka, watatazama, au watakaa pamoja. Mengine mengi, yaani namna ya kubeba paa, unene wa nguzo, ua la kuchonga kwenye kitako, mwashi huyatoa kwa baba yake, kwa jiwe lililopo na kwa mvua inayonyesha hapo. Ukiingia jengo lolote la India, anza kwa kuuliza miguu ya watu hufanya nini humo.

Chukua Wabudha, ambao majengo yao ya mawe ni kati ya makongwe zaidi yaliyobaki. Pale Sanchi, katikati ya India, kuna stupa iliyoanzishwa na mfalme Ashoka karne ya 3 KK, kisha ikakuzwa na waliomfuata. Ni kilima cha mviringo kilichojengwa kikajaa, upana wake yapata mita 36 na kimo mita 16. Hakina chumba. Huingii ndani, kwa sababu hakuna ndani. Masalia matakatifu hufukiwa katikati ya kilima cha namna hii, na ibada yake ni kukizunguka, mkono wa kulia ukielekea kwenye kilima. Wewe unajua kutufu Al-Kaaba, ambako mkono wa kushoto ndio unaoielekea. Hawa huzunguka upande wa pili. Basi mwashi akajenga njia ya kuzungukia, uzio wa mawe kuikinga njia hiyo, na malango manne ya kuingilia. Jengo zima limetoka kwenye mwendo huo wa miguu.

Sasa tazama mikono. Uzio ule wa mawe umeunganishwa kama uzio wa mbao: nguzo zimetobolewa, miti ya kupitisha imechomekwa. Mawe hayahitaji kuunganishwa hivyo. Lakini mafundi walikuwa maseremala kabla ya kuwa waashi, na jiwe walilikata walivyozoea kukata mti. Kwenye lango la kusini pameandikwa kwamba kazi hiyo ya kuchonga ilifanywa na wachonga pembe za ndovu wa mji wa Vidisha. Ukiliona lango lenyewe utaamini, maana vijitu na vijani vyake vimebanana kama kwenye kijisanduku cha pembe. Na kule Karla, karibu na njia ya kutoka Mumbai kwenda Pune, Wabudha walichimba ukumbi mkubwa ndani ya mwamba karibu miaka 2000 iliyopita, halafu dari yake ya mwamba wakaitia mbavu za mbao. Hazibebi chochote. Waliona tu kwamba ukumbi usio na mbavu za mbao haujawa ukumbi. Baadhi ya mbao hizo zipo mpaka leo.

Kwa Wahindu, kinachofanyika ni kutazama. Wao huita darshan: kumwona mungu na kuonwa naye. Hekalu ni nyumba ya mungu kwa maana halisi. Anaamshwa alfajiri, anaogeshwa, anavishwa, analishwa, analazwa. Haikuwa kazi ya hekalu kukusanya watu wasimame safu. Kwa hiyo kiini chake ni chumba kidogo, cheusi, kisicho na dirisha, kinachoitwa garbhagriha, yaani nyumba ya mimba. Ni kweli kama tumbo la uzazi: finyu, la joto, taa moja ya mafuta ikimulika uso wa sanamu. Makuhani ndio huingia humo. Wewe unasimama nje kwenye ukumbi, ukisogea kutoka mwanga mkali wa ua kwenda gizani hatua kwa hatua, mpaka macho yanapoizoea taa ile.

Na juu ya kichumba hicho wanapandisha mlima. Miungu wa Kihindu hukaa milimani, Meru (si ule wetu wa Arusha) na Kailasa, basi mnara wa hekalu ni mlima. Kaskazini umepinda kwenda juu, na kule Khajuraho, kwenye hekalu la Kandariya Mahadeva la karne ya 11, vilele vidogo zaidi ya 80 vimepandiana kuelekea kilele kikuu, kama safu za milima ziangaliwapo kutoka mbali. Kusini mlima una ngazi, ghorofa juu ya ghorofa. Ule wa Thanjavur, uliokamilishwa mwaka 1010 na mfalme Rajaraja wa Wachola, ni wa matale na unafika karibu mita 60. Chini ya uzito wote huo, chumba cha mungu bado ni kimoja.

Hekalu linalonishangaza kuliko yote ni Kailasa pale Ellora, la karne ya 8, zama za mfalme Krishna wa Kwanza wa Warashtrakuta. Halikujengwa. Waliusimamia mlima kwa juu wakaanza kuchonga kwenda chini, yapata mita 30, mpaka likabaki hekalu zima limesimama ndani ya shimo, na nguzo, na tembo, na madaraja, vyote jiwe moja. Kilele kilimalizika kwanza, msingi mwisho. Fikiria mwashi anayechonga paa akiwa amesimama juu ya jiwe litakalokuja kuwa ukumbi. Akikosea haongezi, kwa sababu jiwe likishatoka limetoka. Na hapo hapo Ellora, kwenye jabali lile lile, kuna mapango 12 ya Wabudha, 17 ya Wahindu na 5 ya Wajaini, yamefuatana kama vibanda sokoni. Nyayo za patasi hazitofautiani sana kutoka dini hadi dini. Kinachotofautiana ni kipi kimewekwa mwisho wa chumba na wewe unatakiwa kukifanyia nini.

Kule kusini utaona jambo lingine. Madurai, kwenye hekalu la Meenakshi, milango ni mikubwa kuliko patakatifu penyewe. Kuna minara 14 ya malango, mrefu kuliko yote ukipita mita 50, imejaa sanamu za rangi, na ndani kabisa kichumba kile kile kidogo. Sababu yake ni kwamba patakatifu palipokwisha kuwekwa wakfu hapabomolewi ovyo. Mfalme aliyetaka kuacha jina lake akajenga ukuta mwingine nje, na lango lake. Aliyefuata akajenga nje ya huo. Hekalu likawa mji.

Wajaini uliwaona mwenyewe. Wao wanawaheshimu walimu 24 waliovuka mzunguko wa kuzaliwa na kufa, ndiyo maana ua wao umezungukwa na vyumba vidogo vingi vinavyofanana, na ndani ya kila kimoja ameketi mwalimu mweupe akitafakari. Pale Hutheesing viko 52. Sanamu hizo hazilishwi wala hazilazwi kwa maana ile ya Kihindu. Mwabudu anatafakari hali aliyoifikia yule. Kwa hiyo Wajaini wanapenda mwanga. Hekalu la Ranakpur kule Rajasthan, la karne ya 15, lina milango minne na sanamu yenye nyuso nne katikati, na nguzo zake, ambazo mapokeo yanasema ni 1444, zimepangwa hivi kwamba jua linaingia kutoka kila upande likatembea juu ya marumaru siku nzima. Dini yao inakataza kuua hata mdudu, na kilimo ni vigumu kukifanya bila kuua, hivyo wengi wakawa wafanyabiashara, wakopeshaji na mawaziri. Pesa yao ikaenda kwenye marumaru. Yale mahekalu ya Dilwara, juu ya Mlima Abu, ni kazi ya mawaziri: moja la 1031, jingine la 1230. Nje ni kuta kavu usizoziangalia mara mbili. Ndani dari imechongwa mpaka marumaru inapitisha mwanga kama ganda la yai.

Basi, msikiti. Sala ya jamaa inataka watu wengi wasimame safu ndefu, bega kwa bega, wakielekea kibla, na kutoka India kibla ni magharibi. Hakuna kitakachoangaliwa gizani, hakuna kitakachozungukwa. Kinachotakiwa ni upana. Ndiyo alama ya kwanza ninayokupa: pima kwa miguu. Hekalu ni refu na jembamba, linakuvuta mbele kuelekea chumba kimoja. Ukumbi wa msikiti ni mpana na mfupi. Ule wa Ahmedabad upana wake unazidi kina chake mara mbili. Nguzo zinafanana na za Hutheesing, lakini sakafu haifanani hata kidogo.

Huko Iran na Asia ya Kati ukumbi mpana ulifunikwa kwa matao na kuba. Waashi wa India walijenga kwa kulaza boriti la jiwe juu ya nguzo mbili. Hili wewe mtu wa pwani hulihitaji kuelezwa sana: vyumba vya nyumba zetu za zamani ni vyembamba kwa sababu boriti la mkoko lina urefu wake, na ukitaka kupanua unaongeza nguzo. Jiwe ni hivyo hivyo, tena linavunjika upesi kuliko mkoko. Ukitaka ukumbi mpana wa maboriti ya mawe huna budi kupanda msitu wa nguzo. Msikiti wa Ahmedabad una nguzo zipatazo 260. Na zile kuba 15 ulizoziona juu, kwa ndani ni pete za mawe zilizolazwa, kila pete ikichomoza kidogo kuliko ya chini yake mpaka zikakutana. Ni dari ya hekalu iliyoambiwa iwe kuba.

Delhi utaliona zoezi hilo likiwa changa, na kwa uchungu. Msikiti ulioanzishwa na Qutbuddin Aibak, jemadari wa Kituruki aliyeiteka Delhi, miaka ya 1190 una maandishi kwenye lango la mashariki yanayosema wazi kwamba mawe yake yalitolewa kwenye mahekalu 27 yaliyovunjwa. Hapo hakuna ubishi, ni ushindi wa vita uliojengwa kwa mawe ya walioshindwa, na nguzo zimepandishwa moja juu ya nyingine ili kupata kimo. Kisha Aibak akataka matao mbele, kama ya kwao. Waashi wa hapo wakamtengenezea umbo la tao, lakini kwa kuchomoza mawe, si kwa kuyakaza yabanane. Tao la kweli lilichelewa mpaka kaburi la Sultani Balban, karibu 1287, na mwaka 1311 lango la Alai Darwaza likasimama na kuba ya kweli. Karibu karne nzima ilipita kabla mikono haijajifunza kile dini mpya ilichokuwa ikiagiza.

Lakini usichukue Delhi ukaifanya kipimo cha India nzima. Bhadreshwar, pwani ya Kutch, pana majengo ya Waislamu yenye tarehe ya karibu 1160, zaidi ya miaka 100 kabla ya jeshi la Delhi kuiteka Gujarat. Nguzo ni za Kigujarati, boriti ni za Kigujarati, kibla ni magharibi. Waliojenga hapo walikuwa wafanyabiashara wa baharini. Na mwaka 1264, pale Somnath, ambako Mahmud wa Ghazni alikuwa amelivamia hekalu maarufu la mungu Shiva mwanzoni mwa karne ya 11, mwenye jahazi kutoka Hormuz aitwaye Nuruddin Firuz alijenga msikiti kwenye ardhi aliyoipata kwa msaada wa wakubwa wa Kihindu wa mji. Aliweka maandishi mawili, ya Kiarabu na ya Kisanskriti. Ya Kisanskriti yanamtaja Mwenyezi Mungu kwa jina la Vishvanatha, Bwana wa ulimwengu, jina ambalo Wahindu humwita Shiva. Cheo cha Firuz kimeandikwa nakhuda. Ndilo neno letu nahodha. Kuna hata kitabu cha Kisanskriti cha uashi kutoka magharibi mwa India kinachoeleza vipimo vya kujenga msikiti, nacho kinauita nyumba ya Rahman. Mwashi wa Kihindu aliiweka kazi hiyo kwenye orodha yake pamoja na nyingine.

Ukirudi Ahmedabad tazama chini, kando ya mlango mkuu wa msikiti. Minara iliangushwa na tetemeko la 1819 na baada yake, ila vitako vyake viko. Vina vishubaka vilivyochongwa kando yake sawasawa kama vya ukuta wa hekalu. Hekaluni, ndani ya kishubaka pangekuwa na mungu. Hapa pana mti, au majani yaliyosokotana. Mwashi alichonga nyumba nzima ya sanamu, akafika mahali pa sanamu, akaweka mmea. Hicho ndicho kitu ambacho Uislamu ulimwomba, na hicho tu.

Mmea huo uliendelea kukua. Karibu na hapo kuna msikiti mdogo wa Sidi Saiyyed, uliojengwa 1572 hadi 1573. Madirisha yake ni mawe yaliyotobolewa mithili ya kimia, na mawili ya ukuta wa nyuma yanaonyesha miti ambayo matawi yake yamejaza nusu duara lote. Ni kazi bora kuliko zote za namna yake nchini India kwa maoni yangu, na simwondoi hata fundi wa Taj Mahal. Aliyeujenga alikuwa Mwafrika. Sidi Saiyyed alikuwa Habeshi, mmoja wa watu wa upande wetu wa bahari waliofika Gujarat, wengi wao wakiwa watumwa na askari, baadhi wakapanda kuwa wakuu. Fedha ya Mhabeshi, ibada ya Kiislamu, patasi ya Kigujarati.

Usifikiri pia kwamba kila kitu kinatoka kwenye dini. Kerala mvua inanyesha kwa miezi, basi msikiti wa Mishkal pale Kozhikode, ambao Wareno waliuchoma 1510 ukajengwa upya, una mapaa ya mbao yaliyopandana, hauna mnara wala kuba. Mahekalu ya jirani yana mapaa hayo hayo, na makanisa ya Wakristo wa kale wa huko yalikuwa nayo kabla Wareno hawajafika na kuanza kujenga ya Kizungu. Mvua ilisema, wote wakatii. Masingasinga kule Amritsar walichukua kuba na vibanda vya juu ya paa kutoka kwa Wamughal, watawala wa Kiislamu wa India, lakini Guru Arjan, kiongozi wao wa dini, aliliweka hekalu lao, liitwalo leo Hekalu la Dhahabu, katikati ya maji, akalipa milango minne, na unateremka ngazi kulifikia badala ya kupanda. Kila mtu aingie kutoka upande wowote, na aingie akishuka. Dhahabu ilikuja baadaye, wakati wa Ranjit Singh, karne ya 19.

Ukitaka kuendelea kujifunza bila nauli ya ndege, vuka Horohoro uende Mombasa ulitazame hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe, au uangalie ile milango ya Kigujarati ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyogawanywa vipande vya mraba vyenye njumu za shaba.

Na kama baba ataitwa tena kwa uchunguzi, tafuteni nusu siku mwende Adalaj, kilomita 18 hivi kutoka Ahmedabad. Ni kisima cha ngazi, ghorofa tano kwenda chini ya ardhi. Kilianzishwa na mtawala wa Kihindu wa hapo, kikamalizika mwaka 1499 chini ya Sultani Mahmud Begada, na maandishi yake ya Kisanskriti yanamtaja malkia Rudabai. Nguzo utazitambua mara moja. Mwende asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, mshuke polepole kwa ajili ya moyo wa baba, na mkifika ghorofa ya tatu msimame mguse ukuta. Utakuwa wa baridi.